Kiti cha Kushoto: Mafundi wa Mbio za Kwanza za Magari Marekani

Gari la Locomobile Namba 16 bado lipo. Limehifadhiwa katika makumbusho ya Henry Ford mjini Dearborn, jimbo la Michigan, na ile namba 16 iliyochorwa mwaka 1908 haijafutwa. Gari hilo halina mlango, halina paa, halina kioo cha mbele. Injini yake, yenye nguvu za farasi zipatazo 120, huzungusha magurudumu ya nyuma kwa minyororo. Nyuma ya injini kuna viti viwili vilivyobanana. Usukani uko kulia, kama ulivyo katika magari yetu ya Afrika Mashariki. Cha kushoto ni kiti kitupu: hakina usukani wala mkanda, na mbele yake hamna kinga yoyote ya upepo, kokoto na mafuta yanayoruka kutoka kwenye injini.

Vitabu vingi vya mbio za magari za Marekani vinawasimulia waliokaa kulia: Ford, Oldfield, Robertson, Harroun, DePalma. Aliyekaa kushoto alikuwa fundi, na bila yeye gari lisingemaliza hata nusu ya safari. Tangi la petroli lilihitaji kupewa shinikizo kwa pampu ya mkono, na fundi ndiye aliyepampu. Oili ya injini nayo aliipeleka kwa pampu, akikadiria mwenyewe, kwani ikipungua beringi zinaungua na ikizidi plagi zinachafuka. Aliyaangalia matairi yakilika. Aligeuka nyuma kutazama nani anakuja, kisha akampiga dereva begani au gotini kumpa ishara, maana kelele ya injini haikuruhusu maneno. Kwenye kona aliinama nje kwa uzito wake wote ili gari lisipinduke. Tairi likipasuka, yeye ndiye wa kwanza kuruka chini na jeki na nyundo. Anayejua kazi ya utingo kwenye lori la masafa marefu ana picha ya kuanzia, ila aongeze mwendo wa kilomita 150 kwa saa juu ya barabara ya udongo.

Mbio zenyewe zilianza polepole sana. Mwaka 1895 H. H. Kohlsaat, mwenye gazeti la Times-Herald la Chicago, alisikia habari za mashindano ya Ufaransa akaamua kuandaa yake. Ilipofika siku iliyopangwa, tarehe 2 Novemba, karibu hakuna aliyekuwa tayari. Shindano likasogezwa hadi tarehe 28, Sikukuu ya Shukrani, na usiku wa kuamkia siku hiyo theluji ikaanguka. Magari yaliyojitokeza asubuhi katika bustani ya Jackson Park yalikuwa sita: Duryea moja lililotengenezwa Marekani, Benz tatu za Kijerumani, na mawili ya umeme. Njia ilikwenda mpaka Evanston na kurudi, kiasi cha kilomita 87.

Kila gari lilibeba mwamuzi wa kuhakikisha dereva hadanganyi. Frank Duryea alivunja kipande cha usukani akalazimika kutafuta karakana ya mhunzi, akapoteza karibu saa nzima akikiunda upya. Hata hivyo alifika wa kwanza, jioni gizani, baada ya zaidi ya saa kumi barabarani, akapewa dola 2,000. Aliyenigusa mimi zaidi ni mtu wa gari la pili. Oscar Mueller, dereva wa Benz, alizidiwa na baridi na uchovu akazimia usukanini. Mwamuzi wake, Charles Brady King, alimshikilia kwa mkono mmoja asianguke, akaendesha kwa mkono wa pili hadi mwisho. Mgeni aliyepanda kuandika muda ndiye aliyelifikisha gari. King hakuishia hapo: Machi 1896 aliendesha gari la kwanza katika mitaa ya Detroit, na kijana mmoja aitwaye Henry Ford akalifuata kwa baiskeli.

Huyo Ford, miaka mitano baadaye, alikuwa na kampuni moja iliyokwisha kuvunjika na jina lisiloaminiwa na wenye fedha. Alihitaji jambo la kuwafanya watu wamwangalie tena. Mtengenezaji mashuhuri wa magari wakati huo alikuwa Alexander Winton wa Cleveland, ambaye pia alikuwa dereva hodari. Tarehe 10 Oktoba 1901 walikutana katika uwanja wa mbio za farasi wa Grosse Pointe, karibu na Detroit. Mshindani wa tatu, gari lake lilivuja akajitoa. Wakabaki wawili, na kilomita 16 mbele yao.

Ford hakuwa dereva wa mbio. Hakuwahi kushindana kabla ya siku hiyo, na kwenye kona alikwenda nje sana huku Winton akimwacha. Lakini pembeni ya gari lake, juu ya kibao cha kukanyagia, alichuchumaa fundi wake Edward Huff, ambaye wenzake walimwita Spider, yaani buibui. Huff hakuwa na kiti. Alishika vyuma alivyofungiwa ubavuni na kila kona aliuning'iniza mwili wake nje, karibu agusane na udongo, ili magurudumu ya ndani yasinyanyuke. Mizunguko ilipozidi, Ford akaanza kuzoea. Kisha gari la Winton likatoa moshi: beringi ilikuwa imepata moto. Charles Shanks, aliyepanda na Winton, akamimina oili juu yake kwa haraka, lakini haikusaidia. Ford akapita, akashinda.

Mwezi uliofuata watu wenye mitaji walimwundia kampuni mpya. Katika hiyo nayo hakudumu, na baada ya yeye kuondoka ikawa Cadillac. Mwaka 1903 ikaja Kampuni ya Ford tunayoijua leo. Tarehe 12 Januari 1904, juu ya barafu ya Ziwa St. Clair, Ford alifikia kilomita 147 kwa saa, kasi ambayo hakuna dereva wa gari aliyekuwa ameifikia, na Huff alikuwa naye tena. Tena Huff ndiye mmoja wa mafundi walioitengenezea Ford Model T ya mwaka 1908 magneto yake ya kwenye gurudumu la injini, kifaa kilichotoa cheche bila kutegemea betri. Mamilioni ya watu waliendesha gari hilo bila kulisikia jina lake. Nikisoma kwamba Ford alijijenga kwa mashindano ya 1901, namuona kwanza yule mtu aliyening'inia ubavuni.

Katika miaka hiyo matajiri nao waliingia mchezoni kwa nguvu. William K. Vanderbilt Mdogo, wa ukoo wa reli, alitoa kombe la fedha kwa ajili ya mbio za barabarani katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Mbio za kwanza zilikuwa tarehe 8 Oktoba 1904, zenye mizunguko kumi na jumla ya kilomita zipatazo 457, kwenye barabara za kawaida za vijiji. Wenyeji walitahadharishwa kwa matangazo ya ukutani wafunge mbwa wao na kufungia kuku. Ndani ya miji midogo ya Hempstead na Hicksville magari yalilazimika kupunguza mwendo na kuongozwa na mtu wa baiskeli mpaka yatoke upande wa pili. Watu walifika usiku wakasimama ukingoni mwa barabara, na penye kona kali walijaa zaidi. Gari likija wanasogea kidogo tu kulipisha.

George Heath alishinda na Panhard ya Kifaransa. Wakati huo msiba ulikuwa umeshatokea. George Arents, kijana wa familia tajiri ya tumbaku, alikuwa akiendesha Mercedes yake tairi likapata hitilafu na gari likapinduka. Arents aliumia lakini akapona. Fundi wake, Carl Mensel, akafa. Mpangilio huu ulijirudia mara nyingi katika miaka iliyofuata, na sababu yake inaeleweka. Dereva alikuwa na usukani wa kushika na kumzuia, na aliijua kona kabla haijafika kwa kuwa mkono wake ndio ulioikata. Fundi alishika chuma au mkanda mmoja. Mara nyingi hatari ilimkuta amegeuka nyuma kutazama au ameinama kwenye pampu, na gari likiruka yeye alirushwa kwanza.

Mwaka 1905 na 1906 kombe lilikwenda tena Ufaransa, kwa gari la Darracq. Mwaka 1906 mtazamaji mmoja aligongwa akafa, na mwaka uliofuata hakukuwa na mbio. Vanderbilt na wenzake wakaanza kujenga barabara yao binafsi, ili sehemu ya njia iwe mbali na umati. Hapo ndipo Locomobile Namba 16 ilipopata siku yake. Oktoba 1908 George Robertson alikaa kulia na Glenn Ethridge kushoto. Waliongoza kwa muda mrefu, halafu karibu na mwisho tairi likapasuka. Wakashuka wote wawili, wakabadilisha, wakaondoka. Walimshinda Herbert Lytle, aliyekuwa na Isotta ya Kiitalia, kwa muda usiofika dakika mbili. Lilikuwa gari la kwanza la Kimarekani kushinda Kombe la Vanderbilt, na ushindi huo ulipatikana pale chini kwenye jeki kama ulivyopatikana usukanini. Mkono wa Ethridge ungeteleza kidogo tu, kombe lingevuka bahari tena.

Sasa twende Indianapolis, maana huko ndiko habari hii ilikofikia uchungu wake wote. Carl Fisher, mfanyabiashara wa taa za magari, aliona kwamba barabara za umma hazifai kwa mbio. Alitaka uwanja maalumu, ambapo watengenezaji wangejaribu magari yao na watu wangelipa kiingilio kuyaona. Pamoja na James Allison, Arthur Newby na Frank Wheeler alinunua mashamba nje ya mji, wakajenga njia ya mzunguko yenye urefu wa kilomita 4, iliyotandikwa kokoto na lami. Mbio za magari zilifunguliwa tarehe 19 Agosti 1909.

Njia haikustahimili hata siku moja. Lami ilichimbika, mashimo yakatokea, na kokoto zikawapiga madereva usoni hadi miwani ikavunjika. Siku ile ile William Bourque na fundi wake Harry Holcomb, waliotoka Massachusetts na gari la Knox, waliacha njia wakapinduka. Waliokuwa karibu walisema Bourque aligeuza kichwa kutazama nyuma muda mfupi kabla. Wote wawili wakafa. Tarehe 21, katika mbio za maili 300, tairi la Charlie Merz lilipasuka na gari lake la National likapenya uzio hadi ndani ya watazamaji. Wawili kati yao walikufa. Merz alitoka karibu mzima. Claude Kellum, fundi aliyekuwa kushoto kwake, akafa. Kellum hakuwa fundi wa kawaida wa gari hilo. Alipanda kuchukua nafasi ya mwenzake aliyeishiwa nguvu. Muda mfupi baadaye gari jingine lilipata ajali, na waamuzi wakasimamisha mbio.

Fisher angeweza kuufunga uwanja. Badala yake aliamua kuutandika upya kwa matofali. Kwa siku 63 za vuli ya mwaka huo wafanyakazi walipanga matofali yapatayo 3,200,000, moja baada ya jingine kwa mkono. Nasema wazi kwamba uamuzi huo uliokoa maisha ya watu wengi. Nasema pia kwamba ulipaswa kufanywa kabla ya Agosti, kwa sababu magari ya majaribio na mbio za pikipiki za siku chache kabla zilikwisha kuonyesha jinsi njia ilivyokuwa mbovu.

Tarehe 30 Mei 1911 magari 40 yalijipanga juu ya matofali hayo kwa mbio za kwanza za maili 500, yaani kilomita 805. Magari 39 yalikuwa na watu wawili. La 40, Marmon ya manjano yenye namba 32, lilikuwa na mtu mmoja tu. Ray Harroun, mhandisi wa Marmon, alikuwa amelijenga jembamba lenye mkia mrefu uliochongoka, ili upepo usilizuie, na katika wembamba ule hapakuwa na nafasi ya fundi. Washindani wakalalamika. Nani atamwambia gari likija nyuma? Harroun akafunga kioo juu, mbele ya kiti chake, wazo alilosema alilipata miaka ya nyuma kwa kuona kioo cha aina hiyo kwenye gari la kukokotwa na farasi huko Chicago. Waamuzi wakaridhika.

Kioo hicho kimesifiwa sana kama chanzo cha vioo vya magari yetu yote. Harroun mwenyewe alikuja kukiri kwamba matofali yalikitikisa kiasi kwamba hakuona kitu. Alichofaidika nacho ni uzito uliopungua na matairi yaliyodumu, kwa kuwa alijipangia mwendo wa wastani na kuushikilia huku wengine wakikimbia na kusimama kubadilisha. Katikati ya mbio Cyrus Patschke alimpokea usukani kwa muda akapumzika. Baada ya saa 6, dakika 42 na sekunde 8, Harroun alikuwa mshindi, kwa wastani wa kilomita 120 kwa saa. Ralph Mulford, aliyeendesha Lozier, na watu wake waliamini hesabu ya mizunguko ilikosewa na kwamba wao ndio washindi. Ubishi huo haujaisha kati ya wapenzi wa mbio hadi leo. Harroun alichukua dola 14,250, akastaafu mbio moja kwa moja.

Mapema siku hiyo gurudumu la Amplex ya Arthur Greiner lilikuwa limeharibika. Greiner alirushwa akaumia. Fundi wake, Sam Dickson, alirushwa kwenye uzio akafa papo hapo. Ndiye mtu pekee aliyefariki katika mbio zile, na alifariki wakati mwenzao mmoja akizunguka bila fundi na kuelekea kushinda. Ningetegemea waandaaji walitazame hilo na kujiuliza kama kiti cha kushoto bado kina sababu. Walifanya kinyume: kwa mwaka 1912 wakaamuru kila gari libebe fundi.

Mwaka huo huo fundi mmoja alipata heshima isiyo ya kawaida. Ralph DePalma, Mwitalia aliyehamia Marekani akiwa mtoto, aliongoza mizunguko 196 kati ya 200 kwa Mercedes ya kijivu. Aliwaacha wengine kwa mizunguko zaidi ya mitano. Ikiwa imebaki kidogo kabisa, mkono wa pistoni ulikatika, oili ikamwagika, na gari likafa juu ya matofali. DePalma na fundi wake Rupert Jeffkins, kijana wa Australia, walishuka wakaanza kulisukuma. Joe Dawson aliwapita na National yake akashinda. Umati uliwashangilia hao wawili waliokuwa wakisukuma chuma kizito wakiwa wamelowa oili, na picha yao ikawa maarufu kuliko ya mshindi. DePalma alirudi mwaka 1915 akashinda.

Kulikuwa na mafundi ambao hata kiti hicho cha hatari walinyimwa. Chama cha magari cha Marekani, AAA, kilichosimamia mbio kubwa, hakikuwakubali watu Weusi. Jack Johnson, bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu, alishindana kwa gari na dereva Barney Oldfield huko Brooklyn Oktoba 1910 bila kibali cha chama. Oldfield alishinda kwa urahisi, na kwa kukubali tu kushindana naye akafungiwa. Indianapolis kwenyewe aliishi Charlie Wiggins, fundi Mweusi aliyejiundia gari lake la mbio. Kuanzia mwaka 1924 Waamerika Weusi walikuwa na mbio zao za maili 100 katika viwanja vya maonyesho vya jimbo, mji ule ule, na Wiggins alizishinda mara nne: 1926, 1931, 1932 na 1933. Mwaka 1936 alipoteza mguu katika ajali ya mbio hizo. Maili 500 za Indianapolis hazikuwahi kumfungulia mlango, na dereva wa kwanza Mweusi kushiriki, Willy T. Ribbs, aliingia mwaka 1991.

Kiti cha kushoto kiliondoka taratibu. Kuanzia 1923 magari ya Indianapolis yakaruhusiwa kubeba mtu mmoja, na pampu za kuendeshwa na injini zikaifanya kazi ya mikono. Mwaka 1930 waandaaji wakarudisha sharti la fundi, wakitaka magari yafanane zaidi na yale ya watu wa kawaida, na vifo vikarudi pamoja nalo. Mwaka 1937 Albert Opalko alikufa akiwa kwenye kiti hicho wakati gari lilipokuwa likijaribu kufuzu. Mwaka 1938 sharti likaondolewa, na mafundi wakabaki kando ya njia. Katika mbio za nyika kiti cha pili hakijafa: aliyewahi kusimama barabarani kuangalia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, anajua kwamba dereva bila msoma njia wake hafiki popote. Huko majina yao huandikwa pamoja ubavuni mwa gari na kusomwa pamoja wakati wa zawadi.

Indianapolis haikufanya hivyo. Kombe la Borg-Warner, lililokabidhiwa mara ya kwanza mwaka 1936 kwa Louis Meyer, limechongwa sura ya kila dereva aliyeshinda tangu Harroun. Sura ya Lawson Harris, fundi aliyepanda na Meyer siku hiyo, haimo, wala sura ya fundi mwingine yeyote aliyebebwa na gari la ushindi. Walistahili kuwekwa, na nafasi ya kuwaweka bado ipo.